Mtu wa pwani na Kilimanjaro: siku 5 au 6?

Mwana wa Chumbageni: Wakuu habarini. Mie niko Tanga mjini, miaka 41. Mlima mrefu niliowahi kuupanda ni ule wa Lushoto, tena ndani ya Kosta. Sasa tuko watatu kazini, tumepanga Kilimanjaro mwezi wa 9 kwa njia ya Marangu. Tumepewa bei mbili, ya siku 5 na ya siku 6, na tofauti yake inauma. Kila asubuhi nakimbia hadi Raskazone na kurudi, pumzi ninayo. Hiyo siku ya sita ina maana au ni biashara tu?

Nusu Kilele: Lipia. Vituo vya kulala: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila siku unaongeza mita 1,000, halafu kama saa sita usiku unaamshwa uende kileleni Uhuru, 5,895. Nilikwenda siku 5, wakati huo nacheza mpira. Gilman's Point, pale ukingoni juu kabla ya kilele, nikatapika, kichwa kinapasuka, nikageuzwa. Mwenzetu mwenye kitambi akafika Uhuru! Kwa siku 6 mnalala Horombo mara mbili, mchana mnapanda kuelekea kilele cha pili, Mawenzi, na kurudi kulala chini, mwili uizoee hewa.

Kahawa Chungu: Mtu wa Tanga na barafu? Waja leo waondoka leo, kule hawaondoki hivyo 😂

Mgongo Mzee: Nimebeba mizigo mlimani miaka minane. Wanaorudishwa mara nyingi ni hao wenye mbio. Tembea polepole, uweze kupiga soga bila kuhema. Kichwa kikiuma, mwambie muongozaji, usijifanye mwanaume. Ukianza kuyumba kama mlevi, au kuhema ilhali umekaa, ni kushuka saa hiyohiyo, hata usiku. Diamox, dawa ya kuzuia kuugua kwa ajili ya urefu wa mlima, msimeze kwa kuambiwa na rafiki, muoneni daktari, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Na bakshishi mpeni mpagazi mkononi mwake.

Mwana wa Chumbageni: Shukrani mzee wangu. Na nguo? Huku sweta ni la kumfunikia mtoto mchanga.

Nusu Kilele: Koti zito na begi la kulalia kodini Moshi. Viatu usikodi, tafuta vyako sasa uvae hata ukienda sokoni. Usiku wa kilele chupa ya maji igeuze kichwa chini, maji huanza kuganda juu. Simu iweke ndani ya nguo, baridi inamaliza chaji.

Mwana wa Chumbageni: Tumekubaliana siku 6, tunasogeza hadi mwanzoni mwa mwezi wa 10 mshahara uingie tena. Mmoja bado anabisha, tumemwachia. Viatu nimeokota mtumbani Mgandini, vizuri wallahi, ila vinanibana kidole gumba kidogo.

Mgongo Mzee: Virudishe leo. Kupanda utavumilia, ila kushuka kidole kinagonga mbele siku nzima. Kucha utaziacha Horombo.