Kwa nini Wamarekani humsifu tajiri na kumshuku mtawala?

Muulizaji:
Ndugu zangu, salaam. Kuna jambo hunitatiza kila ninapofuatilia habari za Marekani, nami naomba wenye kulijua wanifafanulie. Mtu aliyejipatia mabilioni kwa biashara hutajwa kule kwa heshima. Watu hutaka kujua anaamka saa ngapi na anasoma nini, na mwenyewe haoni haya kuutangaza utajiri wake. Lakini mtu huyohuyo akigombea useneta, lugha hugeuka ghafla: hujinadi kwamba yeye si mwanasiasa, kwamba mji wa Washington umeoza, na kwamba anakwenda huko kutumikia tu kisha arudi kwake. Je, ni kweli kwamba Wamarekani hupenda mafanikio na kuchukia madaraka, au hayo ni maneno ya majukwaani tu?

Msoma Historia:
Ndugu Muulizaji, shaka yao juu ya mtawala ni ya tangu kuasisiwa kwa taifa lile, na sehemu yake imo katika sheria. Katiba iliyotungwa mwaka 1787 inaikataza serikali yao kumtunuku mtu yeyote cheo cha kikabaila, kwa kuwa walikuwa wametoka tu kupigana na mfalme. Kabla ya hapo, tarehe 23 Desemba 1783, George Washington alisimama mbele ya Bunge lililokuwa likikutana Annapolis, Maryland, akarudisha hati iliyomfanya kuwa jemadari mkuu, kisha akapanda farasi kwenda shambani kwake Mount Vernon. Jemadari aliyeshinda vita, ambaye angeweza kujaribu kujitwalia nchi, alirudi kulima, na mpaka leo jambo hilo huwagusa Wamarekani kuliko vita vyenyewe. Franklin D. Roosevelt alipochaguliwa mara nne, wengi waliona mpaka umevukwa, na ndipo likaja Rekebisho la 22 la Katiba, lililoidhinishwa mwaka 1951, kwamba mtu asichaguliwe kuwa rais zaidi ya mara mbili.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Harry Truman. Januari 1953 alikabidhi urais, akapanda treni na mkewe kurudi Independence, Missouri, wakakaa katika nyumba ya ukoo wa mke, na hapakuwa na pensheni ya marais wastaafu mpaka sheria ilipotungwa mwaka 1958.

Mafanikio ya mali huhesabiwa kwa namna nyingine kabisa. Andrew Carnegie alifika Pennsylvania mwaka 1848 akiwa mtoto wa mfumaji maskini kutoka Uskochi, akaanza kazi katika kiwanda cha pamba kwa dola 1.20 kwa wiki, na mwaka 1901 akauza kampuni yake ya chuma akawa miongoni mwa matajiri wakubwa duniani, kisha fedha zake zikajenga maktaba zaidi ya 2,500. Mmarekani anayesimuliwa habari hiyo hamwoni Carnegie peke yake; hujiona na yeye mwenyewe, au walau mwanawe, katika safari hiyohiyo.

Jicho la Pili:
Naheshimu maelezo ya Msoma Historia, ila ameturusha kutoka 1848 hadi 1901 bila kutusimamisha 1892. Mwaka huo wafanyakazi wa kiwanda cha Carnegie kule Homestead walikataa kupunguziwa ujira, wakafungiwa nje. Carnegie alikuwa mapumzikoni Uskochi; meneja wake, Henry Clay Frick, akaagiza walinzi wa kukodiwa wapatao 300, wakaletwa kwa matishari mtoni usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai. Watu wa pande zote mbili waliuawa na chama cha wafanyakazi kikavunjika pale. Sasa niambieni, mtu anayeweza kuwafungia maelfu mlango wa riziki hana madaraka kwa sababu tu hakupigiwa kura?

Na si mafanikio ya kila mtu yaliyoshangiliwa. Greenwood, mtaa wa Wamarekani weusi mjini Tulsa uliokuwa na maduka, hoteli na majumba ya sinema yao wenyewe, ulichomwa moto na kundi la wazungu mwaka 1921. Waliochomewa walikuwa wamefanya yaleyale yanayosifiwa kwa Carnegie.

Kwa haki, niongeze kwamba Wamarekani wenyewe waliwahi kuligundua tatizo la mali kugeuka mamlaka: mwaka 1911 Mahakama Kuu iliamuru kampuni ya mafuta ya Standard Oil ivunjwe.

Niliyefanya Kazi Ohio:
Nitasema nililoliona. Ghalani kwetu meneja tulimwita kwa jina lake la kwanza, alikula mkate wake pamoja nasi akiwa ameketi juu ya kreti, na mgeni asingemtambua kwa mavazi. Ijumaa moja aliniita kwa upole uleule, akanikabidhi sanduku la karatasi ngumu niweke vitu vyangu, na mlinzi akanisindikiza hadi mlangoni. Sababu sikupewa, wala haikuhitajika: ukiiondoa Montana, majimbo yote humruhusu mwajiri kwa kawaida kumwachisha mtu kazi bila kueleza, mradi asivunje sheria kama zile za kuzuia ubaguzi.

Kilichonishangaza zaidi ni wenzangu. Hakuna aliyemlaumu meneja. Waliniuliza nimejifunza nini na nitaanza lini tena. Kuna wema ndani yake, maana kuanguka kule si aibu ya maisha: kampuni ya kwanza ya Henry Ford ilivunjwa mwaka 1901, ya pili akaiacha, na ya 1903 ndiyo tunayoijua. Lakini imani hiyohiyo humfanya anayekosa kuinuka aonekane amejitakia.

Muulizaji:
Nawashukuru nyote. Naona nililigawa swali vibaya, nikaweka mafanikio huku na madaraka kule. Ndugu wa Ohio, niruhusu moja dogo: je, meneja wenu naye alikuwa na mkubwa anayemwita kwa jina la kwanza?

Niliyefanya Kazi Ohio:
Alikuwa naye. Miezi michache baadaye nilisikia kwamba naye alitolewa na sanduku lake, na mlinzi alikuwa yuleyule.