Mama ana figo dhaifu na magoti yanamtesa, nimpe dawa gani ya maumivu?

Binti_Tandahimba:
Wakuu, shikamooni. Mama ana miaka 63, ana presha, anatumia enalaprili na kidonge cha kukojosha. Tangu Oktoba anaokota korosho, kutwa ameinama, magoti yakagoma. Dukani wakamuuzia diklofenaki, akameza asubuhi na jioni wiki tatu. Hakuna aliyemuuliza kama ana presha. Miguu ikavimba, mkojo ukawa kidogo. Hospitali wamekuta kreatinini, ile taka ya kwenye damu ambayo figo hutakiwa kuitoa, imepanda hadi 210, wamesema figo zimedhoofika, aache diklofenaki. Usiku analia. Jirani kaleta tramadoli, nimpe? Na mbona wenzake wanameza diklofenaki hiyohiyo na hawadhuriki?

Mfamasia_Kusini:
Pole sana dada. Tramadoli usimpe.

Kuhusu diklofenaki: mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kwenye goti huleta uvimbe na maumivu, kwenye figo hutanua mshipa unaoingiza damu kwenye chujio. Diklofenaki, ibuprofeni na indomethasini huzizuia kote kuwili: goti linapoa, mshipa wa figo unabana. Mwenye figo nzima mara nyingi huhimili. Mama yako, enalaprili imeshalegeza mshipa wa kutolea damu na kidonge cha kukojosha kimepunguza maji mwilini. Ongeza jua la shambani. Msukumo ndani ya chujio ukaanguka.

Tramadoli shida yake ni nyingine. Ini huigeuza kuwa kitu chenye nguvu zaidi, nacho hutoka kwa mkojo. Figo ikiwa dhaifu, dozi ya asubuhi bado imo na ya jioni inaingia juu yake: usingizi mzito, kupumua kwa shida, hata degedege. Daktari anaweza kumwandikia, ila dozi ndogo na kila baada ya saa 12.

Parasetamoli ndiyo ya kuanzia, maana kazi kubwa hufanywa na ini. Miligramu 500 hadi 1,000, saa zisipungue 6, kwa siku isizidi gramu 3. Soma boksi, kuna vidonge vimechanganywa na diklofenaki. Dawa za presha asiache bila daktari.

Mzee_wa_Masasi:
Mwanangu, asije akakubali na sindano ya diklofenaki. Mke wangu aliambiwa sindano haina neno kwa figo. Si kweli, nayo inaingia kwenye damu ileile. Yeye tunamkanda magoti kwa kitambaa cha maji ya moto, analala.

Binti_Tandahimba:
Asante baba, asante mkuu. Nimeangalia kabatini, boksi tuliloliita la parasetamoli lina diklofenaki ndani, na jana usiku nilimpa kimoja. Nimeumia sana. Tramadoli nimerudisha. Nimpe maji mengi kusafisha figo?

Mfamasia_Kusini:
Hapana, usimlazimishe. Amevimba na mkojo ni kidogo, maji yatajaa hadi kwenye mapafu. Kiasi atapangiwa na daktari. Mrudishe kesho apimwe tena kreatinini pamoja na potasiamu, na boksi hilo nenda nalo. Pumzi zikimbana usiku, msingoje asubuhi.