Mrejesho: Stashahada ya uzamili ya ualimu, somo la Kiingereza

Ndugu zangu, niliwauliza iwapo mwenye shahada ya fasihi ya Kiingereza isiyo ya ualimu anaweza kufundisha sekondari hapa Uganda. Mlinishauri nisome stashahada ya uzamili ya ualimu, ambayo Makerere na Kyambogo zote huitoa, nami sasa nimo katika mazoezi ya kufundisha. Nadharia haikunisumbua. Kazi iko darasani, kwa sababu mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unamtaka mwanafunzi azungumze, aandike na kujenga hoja kwa Kiingereza badala ya kunakili ubaoni, ilhali darasa lililojaa halimpi kila mmoja nafasi. Aliyenishauri nitumie makundi madogo, nakushukuru kwa dhati: hata wanyamavu, ambao ndio walionitia wasiwasi zaidi, sasa wanasema.