Hadithi ya jini: msomaji hazami

Binti Kibokoni: Jamani, jini wa hadithi yangu anaishi kisimani Mji wa Kale, Mombasa, lakini hadithi haimchukui msomaji. Kasoro iko wapi?

Wa Likoni: Dadangu, jini anayeweza kila kitu hatishi. Mpe mpaka mmoja, mathalani asivuke maji ya chumvi, uutaje mapema, kisha usiuvunje hata kumwokoa shujaa. Ukiuvunja, hofu yote imekwisha. Na kisima kionekane: kamba imelika, ndoo inagonga mawe ya matumbawe.

Mzee wa Kuze: Kweli kabisa. "Paukwa!" "Pakawa!" ni mlango, aitikiaye amekubali kuingia. Tolkien, mwandishi Mwingereza wa hadithi za ajabu, katika insha iliyotokana na mhadhara wake wa 1939, alitetea wanaotorokea hadithini: alimtenga mfungwa anayetoroka gerezani na askari anayekimbia vita. Wewe mwanangu, mwandikie msomaji aliye kama yule mfungwa.