Land Rover 109 Series III ya petroli: sailensa haitulii baada ya kubadili gasketi ya manifoldi

Wakuu, injini ni sisi (cc) 2,286, kabureta Zenith 36 IV. Gasketi ya manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye injini) ni mpya na nati zote zimekazwa, lakini sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka. Choki ikivutwa kidogo inatulia. Nianzie wapi?

— Anza na hewa, mkuu. Choki inatuliza kwa sababu inaongeza petroli kufidia hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Kwenye injini hii manifoldi ya hewa na ya ekzosi ziko upande mmoja, zinalalia gasketi moja, tena zimefungwa zenyewe kwa zenyewe. Ukizibana pamoja kabla hazijakaa kwenye silinda hedi, nyuso zake hazilingani: moja inabana, nyingine inaacha upenyo. Ziunganishe zikiwa zimelegea, zipachike, kaza nati zinazoshika manifoldi kwenye hedi kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha ndipo ukaze zile zinazoziunganisha. Injini ikishapata moto na kupoa, pitia nati tena.
Kutafuta upenyo, nyunyizia maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye maungio. Petroli usithubutu, ekzosi iko hapo hapo chini.

— Kama ina sevo ya breki (inasaidia breki kwa mvuto wa hewa wa manifoldi), libane bomba lake. Sailensa ikitulia, tatizo ni bomba au diaframu (utando wa ndani) ya sevo.
Angalia na kikalio cha kabureta. Kina stadi mbili tu. Zikikazwa kupita kiasi masikio yanapinda na pembeni panaachia. Weka rula ya chuma: fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya 0.1 mm ikipita chini yake, sugua kwa msasa laini uliotandazwa juu ya kioo. Usizibe kwa silikoni, petroli huilegeza na vipande vikaingia ndani. Ile spesa nene kati ya kabureta na manifoldi nayo irudishe na gasketi juu na chini, bila hiyo joto la manifoldi huchemsha petroli kwenye kabureta.

Bomba la sevo halina neno. Maji yamebadili mlio kwenye silinda ya nne. Gasketi hiyo hiyo inarudi?

— Hapana, weka mpya. Ile imeshabonyea kwa mkao wa zamani. Ukimaliza, skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu hadi iguse, irudishe mzunguko mmoja na nusu, halafu tafuta vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya manifoldi) ya juu kabisa kwenye geji. Mombasa tarajia inchi 17 hadi 21 za zebaki na sindano iliyotulia. Nairobi itasoma kama inchi 5 chini kwa sababu ya mwinuko, usidhani bado inavuja.