Kwa nini mnana hungoja mvua, ilhali tetere hutaga hata kiangazi?

Mkazi wa Mikindani: Habari zenu, ndugu. Mnazi ulio nyuma ya nyumba yangu hujaa viota vya mnana kila mvua za Desemba zinaposhika, lakini tetere wa kwenye mwembe nimemwona akiatamia hata Agosti, nyasi zikiwa zimekauka kabisa. Tofauti hii inatokana na nini?

Mwalimu mstaafu, Nachingwea: Ndugu yangu, angalia chakula cha makinda. Mnana mwenyewe hula mbegu, lakini makinda yake huyalisha wadudu, ambao huwa tele wakati wa mvua. Tena dume husuka kwa nyuzi mbichi, kwa kuwa jani kavu hukatika linapopigwa fundo. Jike likikikataa kiota, mara nyingi dume hukibomoa na kuanza upya (ndiyo maana chini ya mnazi wako hapaishi takataka). Tetere, dume na jike, hutoa aina ya maziwa katika gole (kifuko cha chakula kilicho shingoni mwa ndege), hivyo huweza kulea makinda yao mawili bila kungoja wadudu.

Mama wa Mtanda, Lindi: Niongeze habari za chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua. Jike ndilo hujenga, likifunga kifuko chake kwa utando wa buibui. Langu lilichagua kamba ya kuanikia nguo, tukaomba kuanika uani kwa jirani mpaka makinda yaliporuka.

Mkazi wa Mikindani: Nashukuru sana. Mkwezi alikuwa aje kupunguza makuti Januari. Nitamwomba asubiri hadi Julai.