Re: Re: Barua ya distrikti, "shule itafungwa" (kabla ya Ijumaa tafadhali!)

Mama Zuu, Texas. Jumatatu usiku

Wanandugu, habari za masiku. Mniwie radhi nitakuwa mrefu.

Mwezi wa pili mtoto alikuja na barua ya distrikti (ofisi inayosimamia shule za eneo letu), ya Kiswahili, nikafurahi. Imeandikwa "shule itafungwa mwishoni mwa Mei". Nikaibandika kwenye friji. Shule gani haifungwi Mei? Leo karani kanipigia, kumbe inafungwa moja kwa moja! Jengo linatiwa kufuli, bajeti haitoshi, watoto wanagawanywa.

Sasa nachagua kampasi, yaani shule atakayohamia. Ya kwanza iko jirani, tunatembea, ila mwalimu wa ESL, kile Kiingereza cha watoto wanaojifunza lugha, atakuja siku mbili tu kwa wiki. Ya pili ESL ipo kila siku lakini ni mbali, na basi "halijathibitishwa". Chini ya fomu kuna kisanduku cha kutia tiki kwamba nakataa huduma za ESL. Nikichagua ya jirani ni lazima nitie tiki hapo? Na nikitia, LPAC, ile kamati ya shule inayoamua mambo ya lugha, wanamtoa ESL moja kwa moja? Mume wangu yuko zamu ya usiku, mimi naingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Mwisho wa fomu ni Ijumaa.

Baba Shani, Houston. Jumatatu usiku

Pole dada. Hili si la distrikti yako peke yake. Texas inalipa kwa mahudhurio, si kwa majina yaliyoandikishwa. Mtoto akilala nyumbani na mafua, hesabu inashuka. Na kile kiwango cha msingi kilikaa dola 6,160 tangu 2019, bei zote zikipanda, hadi 2025 wakaongeza 55. Hamsini na tano kwa mtoto kwa mwaka! Zile hela za serikali kuu za korona nazo, ESSER, mwisho wake ulikuwa Septemba 2024. Distrikti nyingi zilishaajiri watu kwa hela hizo.

Kwetu walianza kupunguza maktaba, wakaja kwenye basi. Jimbo linachangia basi kwa anayekaa maili mbili au zaidi kutoka shuleni. Sisi tuko maili moja na nusu, na katikati kuna barabara ya njia sita.

Ummu Salim, Columbus, Ohio. Jumanne

Mama Zuu, usihangaike. Angalia alama zake za OELPA, ule mtihani wa Kiingereza, za mwaka huu. Akiwa amekaribia kutoka ESL, chukua ya jirani. Wangu walitoka darasa la nne.

Baba Shani. Jumanne

Dada Ummu Salim, kwa heshima, Texas HATUNA OELPA. Mtihani wetu ni TELPAS. Nimeshasema hapa mara ngapi, mtu akijibu ataje jimbo lake kwanza.

Ummu Salim. Jumanne

Jimbo langu liko hapo juu kwenye jina. Zote zinapima kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Nilikuwa nasaidia tu.

Papa Espoir, Texas. Jumanne usiku

Jambo bandugu. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Kosa letu linaanza siku ya kwanza, kwenye ile fomu ya lugha ya nyumbani. Tulifika 2016, nikaandika Kiswahili. Jirani akanicheka, eti ungeandika Kiingereza wasimpime mtoto. Yeye aliandika Kiingereza, na mtoto wake alikaa mwaka mzima nyuma ya darasa kama mgeni msibani. Na mtoto akishapimwa hauwezi tena kuibadilisha.

Programu ya lugha mbili nayo musiote. Inataka watoto 20 wa lugha moja, darasa moja, katika distrikti nzima. Wa Kihispania wanatimia. Sisi tumetawanyika kama mbegu za mpapai.

Wanjiku wa Dallas. Jumatano

Na bado vocha zinaingia mwaka wa masomo 2026–27, dola bilioni moja ya kupeleka watoto shule za kibinafsi. Hapo ndipo pesa zinaenda. Lakini tusijifanye, nyumbani ni vile vile. Kenya mwanafunzi wa sekondari ametengewa shilingi 22,244 kwa mwaka, muulize mwalimu mkuu yeyote kama zinafika zote. Dada yangu ni naibu mwalimu mkuu, deni la mahindi na maharagwe linamkosesha usingizi.

Mzee Kombo, Minnesota. Jumatano

Wanangu, kwetu Tanzania elimu bila malipo ilikuja 2016, na michango ikabadilisha jina tu. Lakini sisi tulisoma. Asubuhi kila mtu na ufagio wake na kidumu cha maji, saa nne uji, wakati mwingine una moshi, na hakuna aliyebakiza. Basi hatukulijua. Juzi mjukuu wangu kaniuliza, "Babu, nani alikuwa anakupeleka?" Nikamwambia miguu. Hakunielewa.

Msimamizi. Jumatano

Siasa za vocha zianzishiwe uzi wake. Na futeni barua za chini mnapojibu, wengine tunasomea kwenye simu.

Baba Shani. Jumatano usiku

Si siasa, ni bajeti.

Mama Zuu, kama mtoto ana ARD, kamati ya elimu maalumu, na basi limeandikwa kwenye IEP yake, ule mpango wake wa masomo, hilo hawaligusi hivi hivi. Je, anayo? Na dai mkalimani. Ni haki yako, wasimtumie mtoto kutafsiri.

Mama Zuu. Alhamisi

Shikamoo Mzee Kombo, huo uji umeniliza. Asanteni nyote. Hana ARD, ni ESL tu. Mkalimani nilipewa kwenye simu, anaongea Kisomali.

Ila kile kisanduku, nitie tiki au nisitie? Kesho ndiyo Ijumaa.

Mzee Kombo. Alhamisi

Marahaba mwanangu. Kisanduku kipi?